Uigaji katika Ufundishaji wa Sheria za Miamala: Mfano wa Mauzo ya Shamba

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Aghalabu methali hii hutumiwa dukani, mchuuzi anapohimizwa kuandika anachouza na anachokopesha. Hata hivyo, uzito wake hudhihirika zaidi katika ofisi ya wakili. Huko, mtu aliyeweka akiba kwa miaka ishirini huja kununua shamba, hutia sahihi karatasi asizozisoma, kisha hurejea nyumbani akiamini kwamba amekuwa mwenye ardhi. Iwapo karatasi hizo ziliandikwa vibaya, hatajua siku hiyo wala mwezi huo. Huenda akajua baada ya miaka kumi, muuzaji akiwa amekwisha kufariki na warithi wake wamekuja na madai yao.

Swali linalozuka ni hili: aliyeziandika karatasi hizo alijifunzia wapi kazi hiyo? Je, aliifanya mara ngapi kabla ya kuifanya kwa fedha za mtu halisi? Makala haya yananuia kueleza mbinu ya ufundishaji inayojaribu kulijibu swali hilo, nayo ni uigaji. Yataanza kwa kufafanua dhana yenyewe, kisha yataonyesha pengo ambalo mbinu hii inakusudia kuliziba. Baada ya hapo yatapitia zoezi moja hatua kwa hatua, yakitumia mauzo ya shamba nchini Kenya kama kielelezo. Hoja kuu ni kwamba uigaji hufunza pale tu mwanafunzi anapokuwa na kitu cha kupoteza, na kwamba katika mazingira ya Kenya zoezi la aina hii halikamiliki bila ya lugha anayoielewa mteja.

Dhana ya uigaji

Sheria za miamala ni tawi la sheria linalohusu mapatano baina ya watu wasiogombana: kuuza na kununua, kukopa, kukodisha, kuunda kampuni, kuingia katika ubia. Wakili wa mahakamani hushughulikia mambo ambayo yamekwisha kutokea. Wakili wa miamala hushughulikia yale ambayo hayajatokea na ambayo pengine hayatatokea kamwe. Kazi yake ni kuuona ufa kabla ya ukuta kuanguka. Anapoifanya vyema, hakuna anayemsifu kwa kuwa hakuna linaloharibika.

Uigaji, nao, ni zoezi ambalo mwanafunzi hutwikwa jukumu la mtaalamu katika hali iliyobuniwa lakini inayofuata kanuni za ulimwengu halisi. Ni muhimu kuutofautisha na igizo. Mwanafunzi wa fasihi anafahamu kwamba mhusika wa tamthilia huwa na maneno aliyotungiwa na hatima aliyoandikiwa. Katika uigaji hakuna maneno yaliyotungwa wala hatima iliyoandikwa. Kila mshiriki anajua sehemu tu ya habari, ana maslahi yake ya kulinda, na mwisho wa kisa hutegemea uamuzi wake. Anayekosea huyaona makosa yake yakizaa matokeo.

Mbinu yenyewe si ngeni katika taaluma nyingine. Mmarekani Edwin Link alitengeneza mwaka 1929 chombo cha kumfunzia rubani bila kuondoka ardhini. Mwaka 1963, daktari Howard Barrows wa Chuo Kikuu cha Southern California alianza kuwatumia watu wenye afya njema waliofundishwa kuigiza dalili za ugonjwa, ili wanafunzi wa udaktari wajifunze kumhoji na kumpima mgonjwa. Katika taaluma zote mbili, makosa ya mwanagenzi zoezini hayalipwi kwa uhai wa mtu. Makosa ya wakili wa miamala hayaui, lakini yanaweza kuiacha familia bila pa kulima.

Pengo katika mafunzo ya sheria

Ili kuelewa haja ya uigaji, ni vyema kutazama jinsi sheria ilivyozoeleka kufundishwa. Mnamo mwaka 1870, Christopher Columbus Langdell aliteuliwa kuwa mkuu wa kitivo cha sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Aliasisi mtindo wa kuwafunza wanafunzi kwa kusoma na kuchambua maamuzi ya mahakama. Mtindo huo ulienea na kuathiri ufundishaji wa sheria katika nchi nyingi.

Katika Afrika Mashariki, kitivo cha sheria kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, kikiwahudumia wanafunzi wa Tanganyika, Kenya na Uganda. Chuo cha Kenya School of Law kilianzishwa mwaka 1963, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza kufundisha sheria mwaka 1970. Leo hii, mwanafunzi nchini Kenya husoma shahada ya sheria chuoni, kisha hujiunga na Kenya School of Law kwa mafunzo ya uwakili ambayo yanajumuisha uhamishaji wa ardhi, miamala ya kibiashara na uandishi wa nyaraka za kisheria. Juu ya hayo, hutumikia uanagenzi wa miezi sita chini ya wakili mzoefu.

Kwa hivyo haisemwi kwamba mafunzo ya vitendo hayapo. Tatizo ni kwamba hufika wakati fikra za mwanafunzi zimekwisha kuzoea njia moja. Katika miaka ya shahada, uigaji unaofahamika sana ni mahakama ya mfano, ambapo wanafunzi hushindana kutoa hoja mbele ya majaji wa kubuni. Mashindano hayo yana manufaa makubwa, ila humzoesha mwanafunzi kuiona sheria kama ugomvi wenye mshindi na mshindwa. Aidha, mkataba unaofika mahakamani mara nyingi ni mkataba ulioharibika. Mwanafunzi anayejifunza mikataba kupitia maamuzi ya mahakama pekee ni sawa na mwanafunzi wa udaktari anayefunzwa katika chumba cha maiti pekee. Atajua mengi kuhusu chanzo cha kifo, na machache kuhusu namna ya kumtunza aliye hai.

Kielelezo: mauzo ya shamba la ekari 5

Ichukuliwe kwamba darasa lina wanafunzi 24. Mwalimu huwagawa katika ofisi sita za uwakili, kila ofisi ikiwa na wanafunzi wanne. Ofisi tatu huwakilisha wauzaji na tatu wanunuzi, hivi kwamba mauzo matatu yenye masharti sawa huendelea sambamba kwa majuma sita. Kila upande hupewa karatasi ya pamoja inayosema hivi: mzee mmoja anauza shamba lake la ekari 5 karibu na mji wa Kitale kwa bei ya shilingi 4,000,000. Mnunuzi atatoa arubuni ya asilimia 10, yaani shilingi 400,000, na kulipa salio katika muda wa siku 90.

Kufikia hapo, mambo yanaonekana mepesi. Lakini kila upande hupewa pia karatasi ya siri. Ya muuzaji inaeleza kwamba anahitaji fedha haraka ili kulipa gharama za hospitali, kwamba ekari moja imekodishwa kwa jirani ambaye mahindi yake hayajakomaa, na kwamba mke wake, ambaye hulilima shamba hilo, bado hajaambiwa. Ya mnunuzi inaeleza kwamba sehemu kubwa ya salio itatoka katika mkopo wa chama cha akiba na mikopo, na kwamba chama hicho hakitatoa fedha kabla ya hati miliki kuandikwa jina la mnunuzi na kuwekwa rehani. Mwalimu naye hubaki na bahasha ya tatu. Hutoa yaliyomo kwa ofisi iliyouliza swali lifaalo tu.

Hatua ya kwanza ni mahojiano na mteja. Mtu asiyekuwa mwanafunzi wa darasa hilo huigiza muuzaji au mnunuzi. Ameagizwa asidanganye, lakini pia asijibu asiloulizwa. Wanafunzi wengi huelekea kuuliza kuhusu bei, nambari ya shamba na tarehe, kisha humuaga mteja. Mwanafunzi asiyeuliza, "Mzee, ni nani analilima shamba hili kwa sasa?" hatajua habari za mke wala za jirani. Nazo ni habari nzito. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inakataza mali ya ndoa ya mke mmoja kuuzwa bila ya ridhaa ya wanandoa wote wawili. Swali moja lililosahauliwa siku ya kwanza linaweza kuyavunja mauzo yote.

Hatua ya pili ni upekuzi. Ofisi ya mnunuzi huandika maombi kwa msajili wa ardhi wa kubuni, naye huijibu kwa mujibu wa ilivyouliza. Hapa mwanafunzi hujifunza kwamba hati miliki si neno la mwisho. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inaruhusu hati kupingwa iwapo ilipatikana kwa ulaghai au kinyume cha sheria. Mahakama ya Juu ya Kenya, katika uamuzi wa mwaka 2023 kuhusu kiwanja kilichoko Mombasa, ilisisitiza kwamba mnunuzi hawezi kujikinga kwa hati pekee ikiwa chanzo chake kilikuwa na kasoro. Mwanafunzi aliyeisoma kanuni hiyo kitabuni huikariri, ilhali aliyepuuza kuuliza shamba lilipatikanaje, kisha akafunguliwa bahasha mbele ya wenzake, haisahau.

Katika bahasha hiyo mna swali jingine linaloonekana dogo: je, shamba limo ndani ya mipaka ya mji au nje yake? Jibu lake hubadilisha hesabu nzima. Likiwa nje, ushuru wa stempu ni asilimia 2, yaani shilingi 80,000. Likiwa ndani, ni asilimia 4, yaani shilingi 160,000. Vilevile, kodi ya faida itokanayo na mauzo ya mali, ambayo ilipanda kutoka asilimia 5 hadi asilimia 15 mwanzoni mwa mwaka 2023, humsamehe mtu binafsi anayeuza ardhi ya kilimo ya chini ya ekari 50 iliyo nje ya miji. Ikiwa mzee alilinunua shamba kwa shilingi 1,000,000 na sasa limo ndani ya mipaka ya mji, faida yake ni shilingi 3,000,000. Kabla ya kuondoa gharama zinazoruhusiwa, kodi yake ni shilingi 450,000. Kiasi hicho kinaipita arubuni aliyokuwa akiitegemea kulipia hospitali. Wakili asiyeuliza swali hilo atakuwa amemwacha mteja wake auze kwa bei ambayo kwa hakika siyo anayoidhani.

Hatua ya tatu ni majadiliano na uandishi wa rasimu. Sheria ya Mikataba, kama ilivyorekebishwa kuanzia mwaka 2003, inadai mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, utiwe sahihi na wahusika wote, na kila sahihi ishuhudiwe na shahidi aliyekuwapo. Hilo ni umbo tu. Ugumu umo katika maslahi yanayokinzana. Muuzaji hataki kuiachia hati kabla ya kulipwa, na mkopeshaji wa mnunuzi hataki kulipa kabla ya kuipata hati. Katika kazi halisi, fundo hili hufunguliwa kwa ahadi ya kitaaluma, ambapo wakili mmoja humwahidi mwenzake kwa maandishi kwamba fedha zitalipwa mara tu usajili ukikamilika. Ahadi ni deni, na kwa wakili deni hili humwandama yeye mwenyewe hata mteja wake akitoweka. Mwanafunzi anapotia sahihi ahadi ya namna hiyo, ijapokuwa fedha ni za kubuni, kwa kawaida huisoma mara mbili.

Hatua ya nne ni utekelezaji, na ndipo mwalimu huleta misukosuko. Ardhi ya kilimo iliyo katika eneo la udhibiti haiwezi kuuzwa bila ya idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na maombi yanapaswa kupelekwa katika muda wa miezi sita tangu mkataba kufanywa. Kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, mauzo yasiyo na idhini ni batili. Ni kweli kwamba Mahakama ya Rufaa, katika uamuzi wa mwaka 2014, iliwahi kuwalinda wanunuzi waliokuwa wamelipa na kuingia shambani pasipo idhini, kwa misingi ya haki na uadilifu. Lakini wakili mwema hamwandikii mteja mkataba unaotegemea huruma ya mahakama.

Sasa barua inafika katika juma la nne: kikao cha bodi kimeahirishwa, na idhini haitapatikana kabla ya siku 90 kwisha. Ofisi ya kwanza iliandika kwamba salio lilipwe katika siku 90 tangu tarehe ya mkataba. Ofisi ya pili iliandika siku 90 tangu tarehe ya mkataba au siku 14 baada ya idhini kupatikana, kutegemea litakalotangulia. Ofisi ya tatu iliandika maneno hayo hayo, ila kutegemea litakalochelewa. Siku hiyo, wateja wa ofisi mbili za mwanzo wamo mashakani, kwa kuwa muda umekwisha bila ya idhini na muuzaji aliyepata bei bora kwingine amefunguliwa mlango wa kujitoa. Mteja wa ofisi ya tatu yu salama. Tofauti kati ya usalama na hasara imeletwa na neno moja. Si rahisi kwa mhadhara kulifunza jambo hili kwa nguvu kama hiyo.

Suala la lugha

Wanafunzi wa Kiswahili husoma sajili mbalimbali tangu shule ya upili, na sajili ya mahakamani ni miongoni mwa zile zinazofahamika sana. Sajili ya mkataba haijapewa uangalifu wa kiasi hicho, ilhali raia wa kawaida hukutana na mikataba mara nyingi kuliko anavyokutana na hakimu. Hata mahakamani kuna kinga: Katiba ya mwaka 2010 inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila malipo. Mezani pa wakili hakuna mkalimani kama huyo. Mkataba huandaliwa kwa Kiingereza, hufafanuliwa kwa Kiswahili kwa dakika chache, kisha hutiwa sahihi. Ufafanuzi huo wa dakika chache ndio mkataba anaoujua mteja.

Kwa sababu hiyo, zoezi lililoelezwa hapo juu linapaswa kuwa na hatua ambapo kila ofisi humweleza mteja wake mkataba mzima kwa Kiswahili, kisha mtu wa tatu humwomba mteja aeleze alichokielewa. Hapa ndipo udhaifu wa rasimu hujitokeza bayana. Kuna mifano kadha.

Kwanza, kauli ya kutendwa huficha mtenda. Sentensi "ushuru wa stempu utalipwa kabla ya usajili" ni sahihi kisarufi, ila haisemi utalipwa na nani. Muuzaji anaweza kuisikia akadhani ni mnunuzi, na mnunuzi akadhani ni muuzaji, na wote wawili wakatia sahihi kwa furaha.

Pili, kiambishi cha wakati ujao hubeba maana zaidi ya moja. "Muuzaji atatoa hati" huweza kuwa ahadi, wajibu au utabiri tu. "Sharti muuzaji atoe hati" ni wajibu, na "muuzaji anaweza kutoa hati" ni hiari. Mwandishi wa mkataba asiyetofautisha viwango hivi huwaachia wahusika kuchagua maana itakayowafaa siku ya mgogoro.

Tatu, baadhi ya vitenzi vya mapatano hutumiwa kwa namna zinazokinzana. Katika Kiswahili sanifu, mwenye shamba hukodisha na anayelihitaji hukodi. Katika mazungumzo ya kila siku, hata hivyo, si ajabu kumsikia mtu akisema "nimekodisha shamba" akimaanisha amelichukua la mwenzake. Kadhalika, kuazima hutumika kwa anayetoa na kwa anayepokea. Mwanafunzi anayeandika maelezo ya mteja bila kuuliza nani anampa nani, huenda akaigeuza kinyume habari ya ekari moja ya jirani.

Mifano hii haimaanishi kwamba Kiswahili hakifai kwa mikataba. Kiingereza nacho kina utata wake, na mawakili wamechukua karne nyingi kuukabili. Kiswahili kinahitaji kufanyiwa kazi hiyo hiyo, na darasa la uigaji ni karakana ifaayo kwa sababu kosa likigunduliwa humo hurekebishwa bila ya mtu kuhamishwa shambani. Tangu mwaka 2010 Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi huo utabaki kwenye karatasi ikiwa mkataba wa shamba hauwezi kuelezwa humo kwa usahihi.

Tathmini na tafakari

Zoezi likikamilika, kazi haijakamilika. Wataalamu wa mbinu hii hukubaliana kwamba mwanafunzi hufaidika zaidi katika mjadala unaofuata, ambapo mikataba yote mitatu huwekwa mezani, siri zote hufichuliwa, na kila ofisi hueleza kwa nini iliandika ilivyoandika. Mwalimu hapaswi kuanza kwa kutangaza nani alishinda. Swali la manufaa zaidi ni hili: kila mteja ameondoka na nini, na je, ndicho alichokitaka?

Mfano wa nje unaostahili kutajwa ni wa Glasgow, Uskoti. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Paul Maharg na wenzake katika Chuo Kikuu cha Strathclyde walijenga katika mtandao wa kompyuta mji wa kubuni uitwao Ardcalloch, wenye wakaazi na taasisi zake. Wanafunzi waliwekwa katika ofisi ndogo za uwakili, wakaandikiana barua na kukamilisha miamala kama vile ununuzi wa nyumba. Aidha, kundi hilo kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Marekani lilichapisha mwaka 2006 utafiti kuhusu wateja sanifu, yaani watu wa kawaida wanaofundishwa kuigiza mteja na pia kumpima mwanafunzi kwa vigezo maalumu. Utafiti huo ulionyesha kwamba upimaji wa watu hao unaweza kutegemewa. Funzo lake ni kwamba anayejua iwapo wakili ameeleweka ni mteja mwenyewe.

Funzo hilo linaweza kutumiwa katika vyuo vya Kenya bila gharama kubwa. Vyuo kadha vina kitivo cha sheria na idara ya Kiswahili katika taasisi moja. Wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuwa wateja katika zoezi, wakatathmini ufafanuzi waliopewa, na kuandaa tafsiri za vifungu vinavyojirudia katika mikataba. Wa sheria watapata mteja asiyejua istilahi zao. Wa Kiswahili nao watapata uwanja wa kutafsiri matini ambayo kosa lake lina bei.

Changamoto

Mbinu hii haikosi vizuizi. Kwanza, madarasa mengi ni makubwa, na mwalimu mmoja hawezi kusoma barua na rasimu za mamia ya wanafunzi kila juma. Njia mojawapo ya kupunguza mzigo ni kuwatumia wanafunzi wa miaka ya juu kama wateja, wasajili wa ardhi na wakopeshaji. Pili, zoezi huchukua muda ambao ungetumika kumaliza silabasi. Hata hivyo, mwanafunzi aliyepitia mauzo ya shamba moja amekutana kwa mpigo na sheria ya mikataba, ardhi, kodi, ndoa na maadili ya uwakili, mambo ambayo ratiba ya masomo huyatenganisha lakini mteja huyaleta yakiwa yamefungwa pamoja.

Tatu, sheria na taratibu hubadilika. Mfumo wa kidijitali wa ardhi uitwao Ardhisasa ulizinduliwa mwezi Aprili mwaka 2021, ukianzia Nairobi, na bahasha ya mwalimu iliyoandikwa kabla ya hapo inahitaji kuandikwa upya. Nne, nyaraka za wateja halisi hazipaswi kutumiwa darasani hata majina yakifutwa, kwani siri ya mteja haiishi kwa kufutwa jina.

Tano, na pengine kubwa zaidi, mwigo una kikomo. Hakuna zoezi liwezalo kuleta darasani uso wa mtu aliyeuza ng'ombe wote ili atimize arubuni. Kwa hivyo uigaji hauondoi haja ya uanagenzi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mwanafunzi hafiki kwenye uanagenzi akiwa mkono mtupu.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba uigaji ni mbinu ya kufunza stadi ambazo hazisomeki: kuuliza, kutabiri, kuafikiana na kuandika kwa namna inayoyastahimili mambo yajayo. Yameonyesha pia kwamba thamani ya zoezi hutokana na mpangilio wake. Lazima habari zigawanywe, matokeo yaonekane, na mjadala ufuate. Hali kadhalika, yamedai kwamba lugha ya mteja ni sehemu ya stadi yenyewe.

Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Mwanafunzi aliyeandika "litakalotangulia" badala ya "litakalochelewa" amejikwaa darasani, na hakuna aliyepoteza shamba. Miaka michache baadaye atakuwa ofisini, na mbele yake atakuwa ameketi mtu mwenye akiba ya miaka ishirini. Kabla ya kumkabidhi kalamu, atamgeuzia karatasi na kumwambia, "Mzee, hebu nieleze kwa maneno yako tumekubaliana nini hapa."